Bi Yakuti Aliyejulikana kwa Kujulikana

Palikuwa na nchi moja, na msiniulize ni ipi, kwa maana wananchi wake ni wepesi mno wa kushukuru. Wakisikia wametajwa mahali, watanifuata na mashada ya maua na bendi ya shaba. Nchi hiyo ilikuwa na mito miwili, bandari moja, na Wizara ya Habari, Heshima na Makofi.

Humo aliishi msusi aitwaye Sikudhani. Saluni yake ilikuwa kibanda cha mabati pale Mtaa wa Chumvi, viti viwili na kioo kimoja, na yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mikono myepesi, mdomo usio na breki. Kazi ya mikono ilimlisha. Kazi ya mdomo ilimletea wateja, kwani alikuwa na kipaji cha kuigiza watu. Siku moja alikuwa akiwaonyesha wateja jinsi mke wa mkuu wa wilaya anavyoshuka garini: kwanza anatoa mguu mmoja, kisha anapumzika, watu wauangalie vizuri, ndipo anatoa wa pili. Wateja walikuwa wameshika mbavu. Mmoja wao, Mama Subira, alicheka hadi kitana kikamdondoka kichwani.

Mlangoni alikuwa amesimama mtu mrefu mwembamba, Ngwilizi, mtengeneza sinema.

"Dada," akasema, "unaweza kufanya hivyo mbele ya kamera?"

"Kwani kamera inauma?"

Ndivyo ilivyoanza. Sinema ya Ngwilizi ilikuwa ya mzaha, ila mzaha wenyewe ulivaa suti na tai kama sinema za kweli zinazoeleza maisha ya wakubwa: kuna sauti nzito inayosimulia, kuna picha za zamani, kuna wataalamu waliokaa mbele ya makabati ya vitabu. Sikudhani alimwigiza Bi Yakuti, mwanamke maarufu kuliko wote nchini. Maarufu kwa lipi? Hapo ndipo kichekesho kilipokuwa. Kila aliyeulizwa katika sinema alishindwa kueleza, lakini alishindwa kwa heshima kubwa. Profesa mmoja wa kuigizwa alikunja nne akasema: "Umaarufu wa Bi Yakuti una misingi imara. Anajulikana kwa sababu ni maarufu, na ni maarufu kwa sababu, kama utafiti wetu ulivyoonyesha, anajulikana."

Seifu, mume wa Sikudhani, mtunza stoo katika kiwanda cha chumvi, alisaidia kwa moyo wote. Ndiye aliyezitia shanga nywele za bandia, ndiye aliyeshika mwavuli wakati mkewe akipigwa picha. Akicheka sana alikuwa akitoa kwikwi, na wakati wa sinema ile alipata kwikwi kila siku kwa wiki tano. Sikudhani hakumbuki wakati mwingine ambapo waliishi kwa raha kama zile.

*

Sinema ilionyeshwa mara ya kwanza Jumamosi saa nane mchana, katika Jumba la Taifa. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Dakta Mhandisi Chubwa, Waziri wa Habari, Heshima na Makofi, naye aliketi safu ya mbele katika kiti chenye mito mitatu. Kando yake alisimama Afisa Makofi na saa yake ya kupimia. Katika nchi ile hakuna anayecheka kabla waziri hajacheka, na waziri hucheka akishaelewa, kwa hiyo wananchi wamezoea kusubiri.

Maandishi ya kwanza yakatokea kwenye pazia: *Mambo yote humu ni ya kubuni.*

"Unyenyekevu ulioje," akanong'ona waziri. Safu ya pili ikanong'ona vivyo hivyo, kisha ya tatu, mpaka unyenyekevu ukafika nyuma kabisa, walikokaa Ngwilizi na Sikudhani.

Ikaja sehemu ambayo Bi Yakuti anawapungia watu mkono kutoka ndani ya gari lisilo na injini, huku wanaume kumi na wawili wakilisukuma juani. Anapunga dakika nne nzima. Ngwilizi alimshika Sikudhani mkono. "Sasa hivi wanavunjika mbavu," akasema. "Moja. Mbili. Tatu."

Kimya. Kisha kwikwi ya kilio katikati ya ukumbi, na sauti ya mwanamke: "Jamani, gari halina injini, na bado anatupungia!"

Hapo ukumbi mzima ukafungua mabomba. Profesa alipotokea, watu walitoa kalamu wakaandika maneno yake. Ikaja sehemu ambayo Bi Yakuti anatafuna muhindi wa kuchoma, na lile gunzi linabebwa juu ya mto wa hariri kupelekwa makumbusho. Watu wakasimama, wanaume wakavua kofia. Mzee mmoja akauliza kwa uchungu kwa nini makumbusho hayo yamefichwa wananchi.

"Ngwilizi," akasema Sikudhani polepole, "hawa watu wana nini?"

Ngwilizi alikuwa amejiinamia.

Mwishoni waziri alisimama, na nchi ikasimama. Makofi yalichukua dakika kumi na moja na sekunde nane, kwa saa ya Afisa Makofi. Kisha waziri akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti ilimtetemeka, "wengi wenu leo mmemwona Bi Yakuti. Mimi sikuanza kumwona leo. Mimi na Yakuti tumetoka mbali. Tulisoma darasa moja! Alikuwa anakaa upande wa dirishani."

Ukumbi ukavuta pumzi kwa wivu. Waziri wa Uvuvi, ambaye hakupenda kuachwa nyuma, alisimama papo hapo akasema Bi Yakuti ndiye aliyemfundisha kuogelea.

Ngwilizi hakuweza kuvumilia. Alikimbia hadi mbele, jasho likimtiririka. "Mheshimiwa! Samahani, Mheshimiwa, huyu Yakuti ni mzaha tu!"

Waziri akamgeukia. "Mzaha?" akauliza. "Unataka kuniambia mimi nilisoma na mzaha?"

Wanaume wawili wenye miwani myeusi wakainuka pembeni.

"Nilitaka kusema, Mheshimiwa, kwamba si mzaha."

"Ahaa!" akasema waziri, na Afisa Makofi akabonyeza saa yake.

Jumatatu Ngwilizi aliteuliwa Mwanahistoria Mkuu wa Bi Yakuti, akapewa ofisi isiyo na dirisha na agizo la kuandika vitabu kumi na viwili.

*

Sikudhani alirudi kwenye saluni yake akidhani mambo yatapoa. Wiki ya kwanza alikuja Mama Subira kusuka mtindo wa twende kilioni, akamkodolea macho kwenye kioo.

"Unajua, Sikudhani, unafanana kidogo na Bi Yakuti."

"Ni mimi, Mama Subira. Si ulikuwepo Ngwilizi aliponikuta hapa? Kitana kilikudondoka."

Mama Subira akavuta uso. "Mwanangu, nakupenda kama niliyekuzaa. Lakini usijivishe watu wakubwa. Yakuti ana shingo."

"Na mimi sina shingo?"

"Unayo. Lakini yako ni ya kushikia kichwa."

Na Mama Subira alikuwa na nafuu, kwani wengine walikuwa na kumbukumbu. Fundi baiskeli wa jirani alikumbuka Bi Yakuti alivyomsalimia mwaka wa njaa. Mwalimu mkuu alikumbuka alivyomnyima salamu, akajivunia zaidi. Wilaya tatu ziligombania mahali alipozaliwa, zikarushiana mawe darajani mpaka tume ikaamua alizaliwa katika zote tatu, kwa awamu. Serikali ikajenga Makumbusho ya Gunzi, na kwa kuwa gunzi lenyewe halikupatikana, ikatangazwa tenda ya gunzi. Wanawake wa mjini walianza kushuka garini kama Bi Yakuti wa sinema, kwa kutoa mguu mmoja na kupumzika. Wasio na magari walifanya hivyo wakishuka kwenye baiskeli, na hospitali ya mkoa ikafungua wodi mpya ya vifundo vya miguu.

Yote hayo Sikudhani aliyacheka. Kilichomkata maini kilikuwa nyumbani kwake.

Alasiri moja Seifu alikuja na picha kubwa ya Bi Yakuti yenye fremu ya dhahabu, akaipigilia msumari chumbani, mkabala na kitanda. Akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama.

"Seifu, huyo ni mimi."

"Najua."

"Hizo shanga za kichwani ulizitia wewe mwenyewe."

"Najua, Sikudhani. Kwani nimesema sijui?"

"Basi mbona unamwangalia yeye, na mimi niko hapa?"

Seifu alifikiri kwa uaminifu, maana hakuwa mtu wa uongo. "Wewe nakuona kila siku," akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, akiinyooshea picha kidole: "Tena usiongee kwa kelele hapa."

Tangu siku hiyo hakupata kwikwi tena. Alijiunga na Chama cha Wapenzi wa Yakuti, akachaguliwa katibu wa tawi. Hakuwaambia wenzake kwamba Yakuti anampikia, kwa sababu, alisema, wangedhani anaringa. Maharage yakiungua kidogo, alikuwa akisogeza sahani taratibu na kushusha pumzi: "Yakuti asingeunguza."

"Yakuti hapiki!" Sikudhani alimjibu siku moja. "Ngwilizi hakuandika mahali pa kupika!"

"Unaona?" akasema Seifu. "Hajawahi kuunguza hata mara moja."

*

Sikudhani akachukua kadibodi, akaandika kwa makaa na kuitundika mlangoni pa saluni: MIMI NDIYE NILIYEMWIGIZA YAKUTI. KUSUKA KAMA KAWAIDA. Alitaka tu mtu mmoja mtaani asome na kusema, ndiyo, ni kweli, tulikuwepo. Waliosoma walitema mate. Siku ya tatu ikaja barua yenye mhuri mwekundu: anaitwa mbele ya Kamati ya Kulinda Watu Maarufu, kwa kosa la kujifanya Bi Yakuti.

Kamati ilikuwa na viti tisa na mjumbe mmoja, Dakta Chubwa, ambaye alisema wengine wanane wamekubaliana naye na hivyo hawakuona haja ya kuja.

"Mshtakiwa," akaanza, "kumbukumbu za Bunge zinasema Bi Yakuti yupo. Wewe unasema wewe ndiye uliyekuwa Bi Yakuti. Je, unakiri kwamba wewe si Bi Yakuti?"

"Nakiri, Mheshimiwa. Hakuna Bi Yakuti."

"Hilo la pili sikukuuliza, na sikulisikia." Akafunga faili, akatazama mlango, kisha akainama mezani. Sauti yake ikawa ya mtu mwenye shida kama mtu mwingine yeyote. "Bibi wee. Mimi nimeshasema nilisoma naye. Nimetaja mpaka dirisha. Mwezi ujao ni Sikukuu ya Taifa, Mtukufu Rais anataka kupeana naye mkono. Nitampelekea nani? Dirisha?"

"Si ungesema tu ulikosea?"

Dakta Chubwa alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya ng'ambo. "Nikisema nimekosea," akasema, "watauliza na mengine."

Basi akampa njia mbili. Ya kwanza, kifungo cha miaka saba kwa kujifanya Yakuti. Ya pili, awe Yakuti: apewe nyumba mlimani, gari, wanaume kumi na wawili wa kulisukuma, na kazi ya kupunga mkono mpaka mwisho wa maisha yake. Sikudhani msusi ataandikwa kwamba amehamia ng'ambo, na hatatajwa tena.

"Nipe siku tatu, Mheshimiwa."

"Chukua mbili. Ya tatu tunapima nguo."

*

Alitembea kwa miguu kurudi nyumbani, saa tisa mchana, jua likimpiga utosini. Miaka saba gerezani ilimtisha. Nyumba ya mlimani ilimtisha pia, lakini alishindwa kusema kwa nini, maana wenye akili zao wangeikimbilia. Alimkuta Seifu akiandika muhtasari wa kikao cha chama. Akamweleza yote, neno kwa neno.

Seifu aliweka kalamu chini. Macho yalimng'aa. "Kubali! Sikudhani, kubali leo hii!"

"Sikiliza kwanza. Nikikubali sitakuwa Sikudhani tena. Si mchana, si usiku, si jikoni, si chumbani. Mkeo atakuwa ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Ng'ambo. Ndivyo watakavyoandika."

Seifu alikuwa na kikombe cha chai mbele yake, akakinywa taratibu, funda kwa funda, na Sikudhani alisubiri kila funda. Miaka kumi na saba ya ndoa ilikuwa ndani ya kikombe kile. Kikaisha. Seifu akajifuta mdomo.

"Ng'ambo kuna baridi," akasema. "Abebe sweta."

Sikudhani hakulia, hakugombana. Aliosha kikombe, akakifunika juu ya kichanja, akaenda kukaa barazani.

Asubuhi alivaa gauni lake la harusi za watu, akaenda Redio ya Taifa, kwenye dirisha la matangazo ya vifo. Karani alimsogezea fomu bila kuinua uso.

"Jina la marehemu?"

"Yakuti."

"Yakuti nani?"

"Yakuti."

Kalamu ikasimama. Karani akainua uso taratibu. "Bi Yakuti? Bi Yakuti *wetu*?"

"Wenu."

Karani akaanza kulia pale pale, machozi yakalowesha fomu, ikabidi achukue nyingine. "Wewe ni nani yake?"

"Msusi wake. Nilikuwa naye mpaka dakika ya mwisho."

"Aliugua nini, mama?"

Sikudhani akafikiri. "Kujulikana," akasema.

Karani akaandika.

*

Saa sita mchana redio ikaanza kupiga muziki wa kinanda usio na maneno, na kila mtu katika nchi ile anajua maana yake. Dakta Chubwa alipata habari akiwa kwa fundi nguo. Wenye kujua wanasema alizungusha jambo kichwani robo saa. Akikanusha, itabidi amlete Yakuti akiwa hai. Na mtu pekee ambaye angeweza kumleta, yeye mwenyewe alikwishamwandikia mashtaka kwamba siye.

Saa saba akatoka kwa waandishi, leso mkononi. "Nilikuwa kando ya kitanda chake," akasema. "Alinishika mkono. Maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kunisifu, na mazingira hayaniruhusu kuyataja yote."

Saa saba na nusu Waziri wa Uvuvi alitangaza kwamba na yeye alikuwepo, upande wa pili wa kitanda.

Mazishi yalikuwa ya kitaifa. Askari wanane walibeba jeneza tupu huku wakiyumba na kuhema, na mtangazaji akaeleza kwamba ule ni uzito wa heshima. Afisa Makofi, aliyekaimishwa kuwa Afisa Machozi, alipita kwenye umati na daftari. Alipofika kwa Sikudhani akasimama.

"Wewe mama. Mbona mkavu?"

"Nilimlilia nyumbani."

"Hata hakumfahamu, huyo," ikasema sauti ya Mama Subira kutoka nyuma, imejaa kamasi. "Alikuwa anamwonea gere tu."

Lakini udongo wa kwanza ulipoangukia ubao, Sikudhani aliguswa na kitu asichokitarajia. Alizikumbuka zile wiki tano: mwavuli, shanga, Seifu akipata kwikwi mpaka kamera inazimwa. Yule mwanamke alikuwa akipunga vizuri. Tone moja likamtoka, upande wa kushoto. Afisa akaliona, akaandika: *Nusu.*

Katika kutawanyika, mtu mrefu mwembamba alimpita na rundo la karatasi kifuani. Hakusimama wala hakumtazama. "Dada," akanong'ona Ngwilizi, "huu mwisho umeuandika vizuri kuliko mimi." Akaendelea mbio, maana alikuwa bado na vitabu kumi na kimoja.

Wiki iliyofuata Kamati ilimwandikia Sikudhani kwamba kesi imefutwa, kwa kuwa haiwezekani kujifanya mtu ambaye hayupo. Alisoma sentensi hiyo mara mbili, akatumia karatasi kuwashia jiko. Wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwa sababu umaarufu unaweza kufa lakini nywele zinaendelea kuota.

Seifu hakuonekana. Alikuwa kwenye turubai la msiba la chama, karibu na makumbusho, akikaa matanga ya siku arobaini pamoja na wenzake. Siku moja alituma mtu aje achukue shuka na ile picha ya chumbani. Sikudhani akaviweka tayari, vimekunjwa vizuri.

Siku ya arobaini na moja, mchana, alikuwa akimsuka Mama Subira aliposikia mtu amesimama mlangoni. Ni Seifu. Ndevu zilikuwa zimemjaa, macho yamevimba, mkononi ana mfuko wa nguo.

"Sikudhani," akasema, "nimerudi. Mimi sina mtu tena."

Sikudhani aliachilia msuko. Akanawa mikono kwenye beseni, akaikausha kidole kwa kidole, akasogea mlangoni. Aliushika mkono wa Seifu kwa mikono yake miwili, kama wanavyoshikana watu msibani.

"Pole sana, Bwana Seifu," akasema. "Nimesikia umefiwa na mke."

Seifu aliinua uso. Akamtazama, pengine kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na akaona kwamba hakuna mzaha usoni pale. Akauhamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda ule, kisha akageuka akaushika mtaa.

Sikudhani akarudi nyuma ya kiti, akautafuta msuko pale alipokuwa ameuachia. Mama Subira alikuwa amepindua shingo, nusura ivunjike.

"Heh! Kwani Yakuti alikuwa na mume?"

"Alikuwa naye," akasema Sikudhani. "Hebu inamisha kichwa."